Mabomu Yamekwisha Msumbiji, Deni la Miguu Halijaisha



Tarehe 17 Septemba 2015 Serikali ya Msumbiji iliutangazia ulimwengu kwamba katika ardhi ya nchi hiyo halikubaki tena eneo lolote linalojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Hiyo ilikuwa habari njema, na ilistahili kushangiliwa. Nchi ambayo zamani wakulima wake walilima kwa hofu, na watoto wake walikatazwa kuchunga mbuzi kando ya reli, ilikuwa imesafishwa mita kwa mita kwa kazi ya zaidi ya miaka 20.

Lakini bomu likishang'olewa ardhini huwa limekwisha, na mguu uliokatwa hauoti tena. Aliyekanyaga bomu mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 20 hakupona siku tangazo lile lilipotolewa. Aliamka asubuhi ya tarehe 18 Septemba, akakitazama kigutu chake, akaufunga mguu wake wa bandia, kama anao. Katika mazungumzo ya leo tunataka kueleza jinsi mtu wa namna hiyo anavyopaswa kutunzwa, tangu dakika ya kwanza ya ajali hata mwisho wa maisha yake, na kwa nini maelekezo mazuri ya madaktari aghalabu hubaki kwenye karatasi yasimfikie aliyeandikiwa.

Kwanza tukumbuke mabomu hayo yalitoka wapi. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, majeshi ya Wareno yalitega mabomu karibu na mto Ruvuma ili kuwazuia wapiganaji waliokuwa wakivuka kutoka Tanzania. Yalitega mengine mengi kulizunguka bwawa la Cahora Bassa. Baadaye jeshi la walowezi wa Rhodesia likapanda mistari ya mabomu katika mpaka wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, lakini haikukaa ikapumua, kwani tangu 1977 hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992 Serikali na RENAMO walipigana, na mabomu yakatandazwa barabarani, madarajani, visimani na chini ya nguzo za umeme.

Habari hizi si ngeni kwa askari wa Tanzania. Wapiganaji waliojeruhiwa katika uwanda wa Mueda walivushwa Ruvuma na kuletwa Mtwara, ambako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida. Katika miaka ya themanini wanajeshi wetu walipelekwa jimbo la Zambezia kuisaidia nchi hiyo. Hata katika kuyang'oa mabomu hayo, panya buku waliofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa ushirikiano na jeshi letu, walivuka mpaka na kunusa mabomu ya Msumbiji mpaka kazi ikakamilika. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya majeruhi wa Msumbiji, tunazungumza juu ya ndugu ambao historia yao na yetu zimefungwa pamoja.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mwongozo wa matibabu ni nini? Ni maelekezo yaliyoandikwa na wataalamu baada ya kupima yale yaliyoonekana kuwafaa wagonjwa wengi, ili daktari wa hospitali ya wilaya asilazimike kubuni upya kila anapompokea majeruhi. Jeshi la Marekani na idara ya askari wastaafu ya nchi hiyo waliandika mwongozo wa kumhudumia aliyekatwa mguu mwaka 2007, wakaurekebisha mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2017 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na chama cha kimataifa cha wataalamu wa viungo bandia, lilitoa viwango 60 vya huduma ya viungo bandia, vikiwa vimegawanywa katika mafungu manne: sera, vifaa, watumishi na utoaji wa huduma yenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo ina maelekezo yake ya upasuaji wa vitani, yaliyotokana na kuwatibu maelfu ya majeruhi wa mabomu.

Maandiko hayo yanatofautiana katika mambo madogo, lakini njia yanayoonyesha ni moja. Yanasema kwamba kumtunza aliyekatwa mguu ni safari ya vituo vinne: upasuaji na siku zinazouzunguka, majuma ya kukitayarisha kigutu, kujifunza kutembea kwa mguu wa bandia, na utunzaji wa maisha yote. Kila kituo kina mlinzi wake, na mlinzi mmoja akisinzia, kazi ya wenzake wote huharibika.

Kituo cha kwanza huanzia pale pale porini. Askari aliyekanyaga bomu hufa kwa kutokwa na damu kabla ya kufa kwa jambo jingine lolote. Mwenzake anayemfikia, baada ya kuhakikisha kwamba njia anayopita haina bomu jingine, humfunga mshipi wa kukaza juu ya jeraha, anaukaza mpaka damu ikome, kisha anaandika saa aliyoukaza mahali ambapo daktari ataiona. Saa hiyo ni muhimu, kwa sababu mshipi uliosahauliwa kwa saa nyingi huua nyama zilizo chini yake, na mguu uliokuwa ukatwe chini ya goti hukatwa juu ya goti.

Hospitalini, daktari mpasuaji hukutana na jeraha lenye hila. Bomu la kutegwa ardhini halikati kama panga. Linalipuka kutoka chini kwenda juu, na nguvu yake husukuma udongo, majani, vipande vya kiatu na vya mfupa ndani kabisa, katikati ya misuli, mbali kuliko ngozi inavyoonyesha. Ngozi ya nje inaweza kuonekana nzima huku ndani mna uchafu. Ndiyo maana mwongozo unaagiza kwamba nyama zote zilizokufa ziondolewe, jeraha lioshwe kwa maji mengi, kisha liachwe wazi chini ya bendeji safi. Halishonwi siku hiyo. Mgonjwa hupewa dawa za kuzuia vidudu na kinga ya pepopunda, na baada ya siku nne hadi saba hivi, ikiwa jeraha ni safi, ndipo hushonwa. Daktari anayelishona siku ya kwanza ili lipendeze anaufungia uozo ndani. Juma linalofuata atalazimika kukata tena, juu zaidi.

Na hapa pana jambo ambalo kila askari yafaa alijue: goti ni mali. Aliyekatwa chini ya goti akifungwa mguu mzuri wa bandia anaweza kulima, kupanda baiskeli na kutembea mwendo mrefu. Aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, na wengi huchoka wakauacha mguu wa bandia wakarudia magongo. Kwa hiyo mwongozo unamtaka mpasuaji aliokoe goti kila inapowezekana bila kuhatarisha uhai. Unamtaka pia alainishe ncha ya mfupa na kuifunika kwa misuli, kwa maana mfupa wenye ncha kali chini ya ngozi nyembamba hautakubali kamwe kubebeshwa uzito.

Kuna agizo jingine katika kituo hiki ambalo linapingana na mazoea yetu. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili mgonjwa huulizwa, na hujibiwa. Kama ana fahamu, anapaswa kuelezwa kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji kwamba mguu utakatwa, kwa nini, na maisha yatakuwaje baada ya hapo. Ikiwezekana aletewe mtu aliyewahi kukatwa mguu naye anatembea, akae kitandani pake waongee. Maneno ya mtu huyo huweza kumwingia mgonjwa kuliko hotuba ya daktari, kwa sababu yamesimama mbele yake kwa miguu miwili, mmoja wa nyama na mmoja wa plastiki.

Kituo cha pili ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, na ndicho kinachoharibu miguu mingi. Jeraha linapona, mgonjwa amelala, muuguzi mwenye huruma anamwekea mto chini ya goti ili apumzike. Mto huo ni adui. Misuli inayokunja goti na nyonga hufupika inapoachwa katika hali ya kukunjwa. Baada ya majuma machache goti hukakamaa, halinyooki tena. Mguu wa bandia umetengenezwa kusimama wima, nao hauwezi kufungwa kwenye goti lililopinda. Hivyo mpasuaji aliyefanya kazi kubwa ya kuliokoa goti hushindwa na mto.

Mwongozo unaagiza mambo yasiyohitaji mashine wala fedha za kigeni. Mgonjwa asiwekewe mto chini ya goti wala katikati ya mapaja. Akikaa kwenye kiti, kigutu kiwekwe juu ya ubao, kimenyooka, kisiachwe kining'inie. Alale kifudifudi mara kadhaa kila siku, robo saa au zaidi kila mara, ili nyonga inyooke. Afanye mazoezi ya kukaza paja, ya kuinua mwili kwa mikono na ya kusimama kwa mguu mmoja. Atolewe kitandani mapema kadiri hali yake inavyoruhusu. Kigutu kifungwe bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, ikaze zaidi chini na ilegee kuelekea juu, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo la kuingia vizuri katika mguu wa bandia. Bendeji iliyozungushwa kama pete na kukazwa juu hufanya kinyume chake: hukinyonga kigutu, nacho huvimba chini kama boga.

Katika kituo hiki hiki hutokea jambo linalowatisha wagonjwa na jamaa zao. Mtu asiye na mguu husema kwamba kidole gumba cha mguu ule kinamwuma, au unyayo unawaka moto. Kuna wanaosema amerukwa na akili, na wengine husema amerogwa. Ukweli ni kwamba ubongo bado una ramani ya mguu mzima, na mishipa ya fahamu iliyokatwa inaendelea kupeleka habari zake kama mlinzi anayepiga ripoti kutoka lindo lililokwisha vunjwa. Maumivu hayo ni ya kweli. Yana dawa, ingawa hakuna dawa moja inayowafaa wote. Kukipapasa na kukifunga kigutu husaidia wengi. Wengine husaidiwa na kioo: mgonjwa hukaa akiuficha upande uliokatwa nyuma ya kioo kirefu, akautazama mguu mzima kwenye kioo na kuuchezesha, na macho huudanganya ubongo kwamba miguu yote miwili imetulia. Wataalamu hawajakubaliana kioo kina nguvu kiasi gani, lakini bei yake ni ndogo na hakina madhara makubwa, kwa hiyo miongozo inakipa nafasi. Pamoja na maumivu ya mwili huja huzuni, hasira na fedheha. Askari aliyezoea kuwa tegemeo la wengine huona haya kushikwa mkono. Mwongozo unataka aulizwe juu ya mambo hayo waziwazi, kama anavyoulizwa juu ya jeraha.

Kituo cha tatu ni karakana. Fundi wa viungo bandia huchukua umbo la kigutu kwa plasta, hutengeneza kikombe cha kukishika, kisha hukiunga na bomba na unyayo. Kazi hii huwadanganya wengi kuwa ni useremala. Kikombe chema cha mguu uliokatwa chini ya goti hakibebi uzito kwenye ncha ya kigutu. Huubeba hasa kwenye ukano ulio chini ya kifuniko cha goti na sehemu nyingine zinazostahimili, huku kikiziepusha zile zinazoumia. Kosa la upana wa kidole hufanya kidonda. Kamati ya Msalaba Mwekundu ilibuni miguu ya plastiki ya polipropilini kwa ajili ya nchi kama zetu: haiozi kwa unyevu kama mbao na ngozi, bei yake ni nafuu, na inaweza kupashwa moto na kurekebishwa katika karakana ya kawaida. Lakini kukabidhiwa mguu si mwisho. Mgonjwa hufundishwa kuuvaa, kusimama, kuhamisha uzito, kupanda ngazi, kutembea kwenye mchanga na matope, na hata kuanguka na kuinuka. Asiyefundishwa huuning'iniza mguu ukutani.

Kituo cha nne hakina mwisho. Kila jioni kigutu huoshwa kwa sabuni, kikakaushwa, kikatazamwa pande zote, na upande wa nyuma kwa kioo kidogo. Soksi yake hufuliwa kila siku. Pakionekana wekundu usiokwisha au lengelenge, mguu wa bandia huvuliwa mpaka papone. Na mguu wenyewe huchakaa. Kwa hesabu ya kawaida ya Kamati ya Msalaba Mwekundu, mtu mzima huhitaji mguu mpya kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mtoto anayekua kila baada ya miezi sita hivi. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji. Yule kijana wa miaka 20 aliyekanyaga bomu mwaka 1988, akijaliwa kufika umri wa miaka 65, atakuwa amehitaji miguu tisa kwa uchache. Bomu moja, miguu tisa. Hilo ndilo deni tulilolitaja katika kichwa cha mazungumzo haya.

Msumbiji ilianza kulilipa deni hilo mapema. Mwaka 1981 Kamati ya Msalaba Mwekundu ilianza kazi ya viungo bandia mjini Maputo, na baadaye ikaipeleka Beira, Quelimane na Nampula. Shirika la Handicap International nalo liliingia katika miaka hiyo ya themanini na kufungua karakana katika majimbo mengine. Kisha, katika miaka ya tisini baada ya amani, karakana zikaanza kukabidhiwa Wizara ya Afya. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, maana nchi huru haiwezi kuegemea wageni daima. Lakini makabidhiano yana mtego wake. Mgeni alipokuwapo, plastiki, plasta na bisibisi zilikuja katika sanduku moja na mshahara wa mwalimu. Alipoondoka, kila kimoja kikawa na fungu lake katika bajeti, likigombania fedha na dawa za malaria na chanjo za watoto. Mafundi walibaki, majengo yalibaki, lakini mara kwa mara vifaa vilipungua, na mgonjwa aliyesafiri kutoka mbali aliambiwa arudi mwezi ujao.

Tena pana suala la nani anayekata. Msumbiji ilibaki na madaktari wachache mno baada ya Wareno kuondoka. Mwaka 1984 ilianza kuwafundisha waganga wasaidizi kazi ya upasuaji, na hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura katika hospitali za wilaya. Ni uamuzi wa kishujaa uliookoa watu wengi. Lakini unatufundisha pia jinsi mwongozo unavyopaswa kuandikwa. Kitabu cha kurasa 200 kwa lugha ya maprofesa hakimsaidii mtu aliye peke yake usiku, taa inafifia, na majeruhi yupo mezani. Kinachomsaidia ni ukurasa mmoja ukutani, kwa lugha anayoisoma kila siku: osha, ondoa kilichokufa, acha wazi, okoa goti, usiweke mto.

Basi kwa nini miongozo haitekelezwi? Ni rahisi kujibu kwamba hakuna fedha, na jibu hilo lina ukweli. Lakini ubao wa kunyooshea kigutu ni kipande cha mbao. Kulala kifudifudi hakuna gharama. Kuandika saa ya mshipi kunahitaji kalamu. Mambo hayo nayo huachwa, na sababu yake askari yeyote ataitambua upesi: ni amri isiyotaja mtekelezaji. Mwongozo unasema mgonjwa alazwe kifudifudi, lakini hausemi ni muuguzi wa zamu ipi atakayemlaza. Unasema apelekwe karakana, lakini hausemi ni nani atakayeandika barua, wala ni nani atakayelipa nauli. Mpasuaji anadhani ni kazi ya muuguzi, muuguzi anadhani ni kazi ya mtaalamu wa mazoezi, na mtaalamu wa mazoezi yupo mji mwingine. Mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani na kigutu kilichopona na goti lililokufa.

Katika kituo cha polisi jambo halifanyiki hivyo. Zamu hukabidhiwa kwa maandishi katika daftari la matukio, na aliyepokea hutia sahihi. Mahabusu hapotei katikati ya zamu mbili bila mtu kuulizwa. Aliyekatwa mguu anastahili walau uangalifu huo. Hospitali inayotaka kutekeleza mwongozo haina budi kufanya mambo manne. Kwanza, imteue mtu mmoja kwa jina, awe muuguzi au mganga, wa kumfuata kila aliyekatwa mguu tangu wodini hadi karakana. Pili, iweke karatasi moja kitandani pa mgonjwa yenye hatua zote, na kila hatua itiwe sahihi na tarehe. Tatu, nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji wake vihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kwani karakana iliyo mbali bila nauli ni sawa na karakana isiyokuwapo. Nne, ihesabu. Wangapi walikatwa mwaka huu? Wangapi walifika karakana? Wangapi bado wanautumia mguu wao baada ya mwaka mmoja? Pasipo hesabu hiyo, ofisi husifu idadi ya miguu iliyotolewa, wala haijui ni mingapi inayoning'inia ukutani.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, kati ya watu kumi wanaohitaji vifaa vya kuwasaidia kwa ulemavu wao, ni mmoja tu hivi anayevipata. Upungufu wa mafundi ni sehemu ya sababu, na hapa nchi yetu ina jambo la kujivunia. Tangu mwaka 1981 chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafundisha vijana wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika. Fundi mmoja aliyehitimu vizuri huweza kuwasimamisha watu wengi, mwaka baada ya mwaka. Kumpeleka kijana kusoma kazi hiyo ni kuongeza nguvu ya nchi.

Ndugu wasikilizaji, lingekuwa kosa kudhani kwamba habari hizi ni za vita vya zamani. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, ulishambuliwa na watu wenye silaha, na vita vipya vikaanza kusini mwa Ruvuma. Mwezi Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari wake huko, na mwezi huo huo jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ikapeleka kikosi chake, Tanzania ikiwemo. Kikosi hicho kilimaliza kazi yake mwaka 2024. Katika vita hivyo mabomu ya kutengenezwa kwa mikono yametegwa barabarani. Nchi iliyotangaza mwaka 2015 kwamba imemaliza kung'oa, imeona tena watu wakikatwa miguu. Na hata pasipo vita, ajali za barabarani na ugonjwa wa kisukari, ambao huua hisia za unyayo mpaka kidonda kidogo kikageuka uozo, vinapeleka watu katika wodi hizo hizo.

Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kuulia watu, uliotiwa sahihi Ottawa mwezi Desemba 1997, na ambao nchi wanachama wake walikutana kwa mara ya kwanza mjini Maputo mwezi Mei 1999, hauzitaki nchi zing'oe mabomu tu. Unazitaka zilizo na uwezo zisaidie kumtibu aliyejeruhiwa, kumrudishia uwezo wa mwili, na kumrudisha katika maisha na kazi. Msumbiji, askari na watumishi wa vikosi vya usalama waliolemaa wameunda chama chao, ADEMIMO, nao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwakumbusha wakubwa juu ya haki hizo. Kuwapo kwa chama hicho kunaonyesha kwamba kilichoandikwa hakitekelezeki chenyewe. Huhitaji watu wa kukidai.

Wewe askari unayesikiliza kambini au kituoni, huenda usiwe daktari, lakini vituo vyote vinne vinakuhusu. Jifunze kuukaza mshipi na kuandika saa. Mwenzako akilazwa, nenda ukamtazame, na ukikuta mto chini ya goti lake, mwulize muuguzi kwa heshima. Wewe afande, aliyekatwa mguu akirudi kikosini, usimhesabu kuwa ni jina la kufuta kwenye orodha. Bohari, masijala, mitambo ya simu, darasa la kuruta, zote ni kazi zinazohitaji kichwa kilichozoea nidhamu. Na anapostaafu, hakikisha jalada lake linaonyesha mguu wake ulitengenezwa lini na unapaswa kubadilishwa lini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wahenga walipoisema walijua kwamba mhunzi atapata koleo jingine. Kwa aliyekatwa mguu, koleo hilo jingine halishuki kutoka mbinguni. Linatoka katika mikono ya mpasuaji aliyeliokoa goti, muuguzi aliyeuondoa mto, fundi aliyekipima kikombe, karani aliyetoa nauli, na mwenzake aliyekumbuka kuuliza, miaka kumi baada ya risasi kunyamaza, kama mguu ule bado unamfaa.